Bomba la Kibaoni na Msiba wa Mama Leokadia

Nyinyi mmeikuta kamera. Mnaiingiza kwenye chemba, inatambaa ndani ya bomba na taa yake, nanyi mmekaa juu mnaangalia skrini huku mnakunywa soda. Sisemi kwa wivu. Nilipoiona mara ya kwanza, mwaka wangu wa mwisho kazini, niliikodolea macho ile picha mpaka vijana wakaniuliza kama nalia. Nilikuwa nimelitunza bomba lile umri wangu wote wa kazi, na sikuwahi kuliona ndani zaidi ya pale mkono na tochi vinapofika. Siku ile nikakiona kila kiungo tulichokiziba. Nikawaonyesha kwa kidole: hapa ni sisi, na hapa ni sisi tena.

Mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Nitaandika ninavyokumbuka, si kwa mpangilio, na mwenye haraka aende akasome mwongozo wa mtambo. Naitwa Venansia. Niliingia kikosi cha majitaka cha Ifakara nikiwa mwanamke pekee, na nilitoka nikiwa msimamizi wake.

Bomba kuu lenyewe mnalijua. Linaanzia upande wa soko na stendi, linapita Kibaoni chini ya barabara na vibanda vya watu, linaishia kwenye mabwawa kule mashamba ya mpunga yanakoanzia. Ni la zege, na lilikuwa limeshazeeka mimi nilipoajiriwa. Udongo wetu wa mfinyanzi masika unavimba, kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia, na bomba lililolala ndani yake linavutwa huku na huku hadi viungo vinaachia. Masika maji ya bonde yanaingia bombani. Kiangazi maji ya bombani yanatoka kwenda bondeni. Mkilishika hilo, mmeshajua nusu ya kazi.

Aliyenishikisha mimi ni Mzee Desideri, msimamizi wetu wa wakati huo, mtu mfupi mwenye sauti ya kwaya na mdomo usiokopesha. Zama zake tulizibua kwa mianzi. Tuliagiza Lupiro, ikavushwa mto, tukaipasua, tukaiunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, tukaisukuma bombani. Mwanzi ukikutana na kitu, kiganja kinakuambia ni nini. Mchanga unakaza tu. Mzizi unakurudisha kidogo kidogo. Nguo iliyotumbukia inaushika mwanzi na kukufuata nyuma unapovuta. Leo mna vyuma vya kukunjika na mashine ya kuvizungusha, lakini bado nawaambia, kabla ya kuwasha mashine sukuma kwanza kwa mkono wako ujue unapigana na nani.

Kwenye chemba alikuwa mkali hasa. Fungua ya juu na ya chini, ziache zipumue, pima hewa, mtu afungwe kamba kiunoni, na wawili wabaki juu wasiofanya kazi nyingine yoyote ila kumwangalia yeye. Aliyejitia ujasiri wa kurukia ndani alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo. "Ukifia humo," alikuwa anasema, "mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia mama yako, na mimi sipendi kazi hiyo." Tulicheka, lakini hatukuzika mtu.

Kulikuwa na mama mmoja pale Kibaoni aliyetupikia chakula cha mchana. Alikuwa na bustani ya matembele nyuma ya kibanda chake, yamenona kiangazi kizima, majani mapana ya kujipepea. Siku moja tunakula ugali na samaki wa kitoga na matembele hayo, Mzee Desideri akaacha kutafuna. Akaiangalia bustani, akaangalia chemba ya kulia, akaangalia ya kushoto, akaenda kunawa taratibu.

"Mama, matembele yako mazuri sana."

"Asante, baba."

"Unamwagilia saa ngapi?"

"Hayo simwagilii. Yana baraka yake tu."

Tukachimba. Kiungo kilikuwa kimeachia palepale katikati ya tuta, na baraka yenyewe tulikuwa tunaila tangu Pasaka. Nilitapika nyuma ya kibanda, na mwenzangu mmoja hakugusa mboga ya majani mpaka mvua za mwaka uliofuata. Mzee Desideri alitukataza kumcheka yule mama. Alimwelezea vizuri, tukang'oa yale matembele yote, tukamhamishia bustani upande wa kisima kabla hatujafukia. Mpaka leo, nikipita mahali kiangazi nikaona kijani kilichozidi, siwezi kupita hivihivi.

Sasa hili la kuwaambia watu. Mna kundi la WhatsApp la kila mtaa na bado mnalalamika hamsikilizwi. Sisi tulianza na gari la matangazo. Tulipita mji mzima na kipaza sauti, msemaji amevaa tai, anasoma maneno ya ofisini kuhusu ukarabati wa mtandao. Ilikuwa wakati wa palizi. Watu wa bonde hili wakati huo wamehamia mashambani, wanalala kwenye vibanda hukohuko na mpunga wao, mjini wamebaki mabibi na watoto wa shule. Tuliwatangazia mbuzi. Jumamosi wenyewe wakarudi mjini kuoga na kufua, wote kwa pamoja, nasi tumefungua bomba.

Baadaye tukatuma ujumbe wa simu. Watu wakadhani ni wale matapeli wa "tuma kwa namba hii". Mzee mmoja alitujibu kwa maneno mawili tu: "Tafuteni kazi."

Safari nyingine tukajitahidi kusema kifupi, tukawaomba kesho wasitumie maji mengi. Wananchi wa Ifakara wamezoea kwamba watu wa maji wakikutangazia jambo, basi maji yanakatika. Wakajaza kila chombo walicho nacho: ndoo, pipa, sufuria za sherehe, mpaka mtumbwi wa mvuvi mmoja uliokuwa uani unasubiri kuzibwa. Kesho yake maji hayakukatika. Kufika mchana wakaona hakuna haja ya kuyaweka, wakayamwaga yote. Masanja alikuwa ndani ya mtaro. Huyu Masanja ni mtoto wa wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao, mkubwa wa mwili na mwepesi wa mdomo, na alipotoka mle mtaroni alisema ng'ombe wa baba yake wanasikia maelekezo kuliko mji huu.

Lakini mji haukuwa na kosa. Ofisi ilikuwa inawaambia watu habari zake yenyewe, si habari zao. Hilo nililielewa vizuri siku ya msiba wa Mama Leokadia.

Ilikuwa masika, mvua imeshiba. Bomba liliporomoka mbele ya nyumba ya Mzee Baltazari, pale Kibaoni. Tulipofika asubuhi chemba ilikuwa inafurika, maji meusi yanatambaa kuelekea barazani, na uwanjani vijana wanafunga turubai. Mkewe, Mama Leokadia, alikuwa amefariki Mlimba, alikokwenda kumwangalia binti yao aliyejifungua. Mwili ulikuwa unakuja kesho yake kwa treni.

Mzee Baltazari alikuwa amesimama barazani na kanzu yake ya kanisani, ameikunja mkononi isiguse chini.

"Shikamoo, mzee. Pole sana na msiba."

"Marahaba, binti. Nimepoa." Akayaangalia yale maji. "Mke wangu alikuwa anafagia uwanja huu asubuhi na jioni. Kuku akichafua, anafagia tena. Sasa shemeji zangu wa Lupiro wanasema tumpitishe moja kwa moja kwao, akaagwe huko. Nyumba hii tumeijenga wote, kwa mpunga tuliolima wote. Asipoingia humu kesho, ndiyo haingii tena."

Nikamwambia tu, "Tunaanza sasa hivi, mzee."

Kuanza ni rahisi. Tatizo lilikuwa upande wa juu. Ili kuweka bomba jipya ilibidi tuzibe chemba ya juu kwa viroba vya mchanga, na gari letu la kunyonya, ambalo lilikuwa moja tu na limezeeka kuliko dereva wake, livute kinachojikusanya nyuma ya viroba. Lingeweza tu kama watu wa juu wangeacha kumwaga. Nyumba za wageni, migahawa, soko, familia zote zile zikiendelea na maisha yao, viroba vingezidiwa na mzigo wote ungewashukia waliomo mtaroni. Tulihitaji watulie tangu asubuhi ile mpaka jioni.

Masanja alikuwa ameshatoa simu aite gari la matangazo. Nikamzuia. Kupitisha kipaza sauti mbele ya nyumba ya msiba kutangaza majitaka yanayofurika pale ni kumwaibisha mwenye msiba mji mzima ukisikia. Mzee Desideri alikuwa ameshastaafu na mimi nimeshika nafasi yake, lakini alikuwa ametuachia desturi yake moja: kwa mtu hupiti na sururu begani kabla hujamwamkia, na penye msiba hutaji kazi kabla hujakaa. Nikavua gambuti, nikanawa mpaka viwikoni, nikajifunga kanga, nikaingia ndani kwa wanawake, nikakaa mkekani.

Aliyekuwa anaongoza mle ndani ni dada yake Mzee Baltazari, Bi Emeriana, mwenyekiti wa jumuiya yao, mama mrefu mkavu ambaye hata huzuni alikuwa ameipangia zamu.

"Wewe ndiye wa bomba?"

"Ndiye mimi, mama. Poleni sana."

"Tumepoa. Kaa."

Nikakaa. Wakaimba wimbo mmoja, nikaimba nao. Nje nilimsikia Masanja anakohoa kikohozi cha kuniita, nami najua maji yanapanda. Niwaambie ukweli, kukaa pale kimya kulinitoa jasho kuliko kuchimba. Wimbo ulipokwisha, Bi Emeriana akanigeukia.

"Haya, sema. Unataka nini kwetu?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Kwa hiyo wanachomwaga wale wa juu ndicho kinachotokea hapa mlangoni?"

"Ndicho hichohicho, mama."

"Na wao wanajua?"

"Hawajui. Mtu akishavuta maji, anajua yameondoka."

Akanyanyuka, akakaza kanga kiunoni. Wanawake wa jumuiya walikuwa wanajiandaa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya mchele, kuni na masufuria ya msiba, kama ilivyo kawaida yetu. Akawasimamisha mlangoni.

"Kila nyumba mnayoingia mseme hivi: Leokadia anarudi nyumbani kesho, na maji yenu yanatokea mlangoni kwake. Mpaka mafundi wamalize, mtu asimwage hata kikombe. Mkiulizwa nani kasema, semeni mimi. Na mmoja apite kijiwe cha bodaboda, wale watafika kwenye nyumba za wageni haraka kuliko nyie."

Nilikwenda kusimama kwenye chemba ya juu. Nilikuwa nimeshaona matangazo mengi yakipotea hewani, kwa hiyo sikujipa matumaini makubwa. Maji yalikuwa yanakuja kwa nguvu, na povu la wanaofua. Kisha povu likakatika. Kisha kina kikaanza kushuka, kikashuka mpaka nikaona sakafu ya chemba ambayo mchana wa kazi huwa haionekani, na kijito chembamba tu kinapita. Nikamwita Masanja aje aone, akachungulia, akavua kofia.

Baadaye ndipo tulipoyasikia yaliyofanyika kule juu. Mwenye nyumba ya wageni mmoja alifunga bomba lake la ndani na kuwaelekeza wageni choo cha shimo cha jirani, na mgeni aliyegoma akaambiwa achukue begi lake. Msikitini, shehe aliwaambia watu watawadhie nje kwa ndoo, chini ya migomba. Mama mmoja alikaa na nguo zake zimelowekwa kutwa nzima. Hakuna aliyeelezwa neno hata moja kuhusu mtandao wala ukarabati.

Tukachimba. Hapa nawapa kitu cha kazi, mkishike. Bomba la zege haliliwi na maji, linaliwa na gesi inayopanda juu ya maji, kwa hiyo paa ndilo linalooza kwanza. Ukigonga ubavuni ukasikia zima, usidanganyike, gonga juu. Lile la Mzee Baltazari ubavuni lilikuwa zima kabisa, na juu lilikuwa jembamba la kuvunjika kwa vidole. Tuliukinga mtaro kwa mbao na mirunda, maana mfinyanzi uliolowa unaporomoka bila kuaga. Pampu yetu ndogo ikawa inavuta maji ya ardhini, Masanja na wenzake wakatoa vipande vya zege, tukalaza bomba la plastiki, tukaliunga, tukafukia na kushindilia. Jua halijazama, chemba ilikuwa inapitisha maji kimya. Tukamwaga chokaa uwanjani na kifusi kikavu juu yake, na Bi Emeriana mwenyewe akachukua ufagio.

Nilidhani tumemaliza. Wakati tunakusanya vyombo, vijana wa mtaa wakarudi kutoka makaburini na majembe yao, wamelowa mpaka kifuani. Walikuwa wanachimba, na shimo lilikuwa linajaa maji na kingo zinaanguka. Mmoja akasema kwamba itabidi kesho jeneza lishikiliwe chini kwa miti mpaka udongo ulilemee. Hakujua kama Mzee Baltazari yuko nyuma yake. Mzee alikwenda akakaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona mabega yake yanatikisika.

Bi Emeriana akaja hadi nilipo, macho yake kwenye pampu.

"Hiyo ndiyo mnavutia mavi?"

"Hapana, mama. Hii ni ya maji ya ardhini tu. Ya mavi ni ile ya kwenye gari."

Akapiga magoti, akalinusa lile bomba la mpira kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mita kwa mita, mbele ya watu wote. Akainuka.

"Lioshe tena."

Masanja akaliosha, akamletea anuse tena, uso wake umenyooka kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Mjomba mmoja wa familia akanung'unika pembeni kwamba watu wa majitaka hawachimbi kaburi la mtu. Bi Emeriana hata hakugeuka.

"Basi nenda kachimbe wewe."

Asubuhi kulipokucha tulikuwa makaburini na vijana wa mtaa. Kaburi kwenye udongo wetu, masika, ni mtaro tu, na mitaro tunaijua. Tukakinga kuta kwa mbao mpya na mirunda. Kwenye kona ya miguuni tukachimba kishimo cha kukusanyia maji, tukakitandika kokoto, tukaiweka pua ya pampu humo. Chini tukamwaga mchanga wa mto, tukausawazisha kwa mkono. Masanja alishuka peku kumalizia, akakaa amechuchumaa mle ndani anaangalia kuta zote nne, akasema, "Dada Vena, hakuna hata tone." Nikamwambia apande, nikashuka kuhakikisha mwenyewe. Kweli palikuwa pakavu.

Mwili ukafika. Mama Leokadia aliingia nyumbani kwake kwa kupitia uwanja uliofagiwa, akakaa na watu wake, akaombewa, akatoka kwa mlango uleule. Wale mashemeji wa Lupiro walikuwepo, wakayaona yote.

Makaburini padri akafungua kitabu. Pampu ilikuwa inaunguruma, pampu ya petroli haijui kunong'ona, na sala haisikiki. Padri akaniangalia. Watu wote wakaniangalia. Nilijua nikiizima, maji yatarudi kabla sala haijafika katikati, na jeneza litashuka kwenye dimbwi mbele ya macho ya mume wake. Nilijua pia kwamba hakuna anayetaka kumsindikiza mtu wake kwa kelele za mashine. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi, nikamtazama Mzee Baltazari.

Akainua kiganja.

"Iache iungurume," akasema. "Leokadia asikie watu wanamfanyia kazi."

Padri akapaza sauti, nasi tukaitikia kwa sauti ya juu kuliko nilivyowahi kusikia kwenye mazishi yoyote. Jeneza likashuka kwa kamba zetu, taratibu, likakaa juu ya mchanga mkavu. Nilisimama kando ya ile pampu na gambuti zangu zilizooshwa, nalia waziwazi, na sijawahi kuionea fahari kazi hii kama nilivyoionea pale. Sikuizima mpaka koleo la mwisho.